Kuelekeza si kuamuru

Nilikuwa Moshi Vijijini kukagua wanafunzi wa chuo chetu cha ualimu walio kwenye mafunzo kwa vitendo. Katika andalio la somo la mmoja wao nikakuta: "Mwalimu atawashauri wanafunzi wafungue ukurasa wa 12." Nikapiga mstari chini ya "atawashauri". Anayeshauriwa ana hiari. Ndiyo maana mtu akipuuza ushauri tunamwambia "shauri yako!" na kumwacha na yatakayomkuta. Mtoto wa darasa la nne naye tumwache hivyo na kitabu kimefungwa?

Kijana akajitetea: "Mwalimu, nilitaka kuandika atawaelekeza, nikaona limekaa kama amri."

Hapo akaninyamazisha, maana hakukosea kusikia. Elekeza limezaliwa na elekea: ni kumgeuza mtu atazame upande anaotakiwa kwenda. Simama Mnara wa Saa, Arusha mjini, umuulize dereva wa bodaboda njia ya Sakina. Atakuja ubavuni mwako, atazame unakotazama wewe, anyooshe mkono, kisha aushushe kidogo kuonyesha pa kukata kona. Miguu ni yako. Hakuna anayesema "nifundishe njia", tunasema "nielekeze". Lakini sikiliza taarifa ya habari jioni: waziri ameelekeza, mkuu wa mkoa ameelekeza, na ofisini kuna maelekezo kutoka juu. Hapo hakuna mkono ulionyooshwa, kuna agizo lililovaa nguo ya upole. Mimi naona ofisi zimelichosha neno hili, na walimu wanaoanza kazi wanaliogopa bure.

Ukoo wa funda una mambo zaidi. Humo mna fundisha, funza, mwanafunzi, mkufunzi na hata fundi. Mafunzo na mafundisho ni ndugu wa tumbo moja, ila kila mmoja ameshika njia yake. Kijana akienda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) au chuo cha ufundi cha VETA, anakwenda kwenye mafunzo: mikono na mwili vinazoeshwa kazi. Mdogo wake anayejiandaa kwa kipaimara, Moshi wako wengi, Jumamosi yuko kwenye mafundisho, na ukisema yuko kwenye mafunzo ya kipaimara watu watakuelewa lakini watatabasamu. Mafundisho yamebaki na imani, mafunzo yamechukua ujuzi na nidhamu. Zanzibar wamekwenda mbali zaidi: gereza huko huitwa Chuo cha Mafunzo, na mfungwa ni mwanafunzi. Mgeni kutoka bara akiambiwa jirani yake yuko chuoni, asikimbilie kutoa pongezi.

Funda lenyewe tunalisikia zaidi likiwa kufundwa. Bibi harusi hafundishwi, anafundwa, siku hizi kwenye kichenpati ukumbini badala ya chumbani na kungwi mmoja. Na mtu mzima asiyesalimia wakubwa hasemwi kwamba hakusoma, husemwa hakufundwa. Shahada tatu hazimwondolei aibu hiyo.

Mwalimu na elimu vimetoka Kiarabu, na vimekaa hadi hatuvioni tena kuwa vya kuazima. Maalim wa madrasa na mwalimu wa shule ni neno lilelile lililoingia kwa milango miwili. Julius Nyerere, aliyewahi kufundisha Pugu, alibaki na jina la Mwalimu hata akiwa rais, na mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, sera yake ya shule iliitwa Elimu ya Kujitegemea. Mafunzo ya Kujitegemea yangesikika kama kozi ya miezi mitatu.

Onya nalo lina siri. Limetokana na ona, hivyo kumwonya mtu ni kumfanya aone kilicho mbele yake. Barua nyingi za onyo nilizowahi kusoma hazimwonyeshi mtu chochote, zinamtisha tu.

Nilimweleza kijana haya yote chini ya mgomba nyuma ya ofisi ya walimu, akawa anaandika. Kesho yake akaleta andalio jipya. Elekeza alikuwa amelihamishia kwenye kipengele cha kuchora ramani ya kijiji, mahali ambapo mwalimu anasimama ubavuni mwa mtoto. Pale pa kitabu aliandika: "Mwalimu atawaambia wanafunzi wafungue ukurasa wa 12." Nikatia saini.