Barua ya ofa ya kazi: anza na mstari wa mshahara

Ugomvi mwingi wa mwezi wa kwanza kazini hutokana na sentensi moja: "Utalipwa shilingi 800,000 kwa mwezi." Mwajiri alimaanisha mshahara ghafi, yaani kabla ya makato; mwajiriwa keshapigia hesabu ya kodi ya nyumba na ada za watoto kwa 800,000 kamili. Kwa hapa Tanzania mimi huuandika mstari huo hivi:

"Mshahara ghafi ni shilingi 800,000 kwa mwezi. Utakatwa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10 (80,000) na kodi ya mapato ya mshahara, PAYE (60,000). Utapokea mkononi shilingi 660,000 kupitia benki, kabla ya tarehe 28."

Angalia: PAYE inatozwa kwenye 720,000 zinazobaki baada ya NSSF. Ukiitoza kwenye 800,000 unapata 78,000, na barua itataja kiasi kilicho pungufu ya haki ya mwajiriwa. Kama ana deni la Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, makato hayo nayo yaonekane. Posho ya nauli ipe mstari wake, useme kama imo ndani ya mshahara ghafi au iko juu yake.

Cheo, aina ya mkataba na tarehe ya kuanza havina shida. Kituo cha kazi kina shida: usiandike "Dar es Salaam" tu, maana anayeishi Mbagala, kusini mwa jiji, akipangiwa Tegeta, kaskazini, maisha yake yanabadilika.

Kwenye likizo wengi huteleza. Sheria ya ajira ya 2004 inatoa siku 28 mfululizo, wikiendi zikiwemo. Ukiandika "siku 28 za kazi" umeahidi zaidi ya wiki tano kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, na utadaiwa. Kipindi cha majaribio kisizidi miezi 12. Taja nani atampima, kwa vigezo gani.

Masharti yote, kama uhakiki wa vyeti na majibu ya wadhamini, yawe ndani ya barua yenyewe. Ofa ikishakubaliwa ni mkataba, na sharti la kuongezea baadaye halimfungi bila ridhaa yake. Weka pia ukomo wa kujibu, kwa mfano siku tano za kazi, kwa tarehe na saa; bila huo, mgombea wa pili unamweka roho juu bure.

Mwisho wa barua mwambie wazi asiache kazi aliyonayo mpaka umthibitishie kwa maandishi kwamba masharti yametimia. Kisha hesabu: anayelipwa kwa mwezi anapaswa kutoa notisi ya siku 28 anakotoka, kwa hiyo tarehe ya kuanza iwe mbele ya hapo.