Je, wajua? Bastola ya gemu ya bata haikuwa inapiga, ilikuwa inatazama

Mwaka 2019 nilimnunulia mpwa wangu gemu ya zamani pale soko la Majengo, Dodoma: mashine yenyewe, pedi mbili, kaseti ya njano na bastola ya plastiki. Muuzaji alikuwa ameitandaza kwenye turubai pamoja na rimoti zisizo na TV na chaja zisizo na simu. Tulipofika nyumbani Nkuhungu tukaichomeka kwenye TV bapa ya sebuleni. Mario alikimbia vizuri. Kontra vilevile. Kwenye ile ya kuwinda bata kwa bastola, bata hawakufa. Mpwa wangu alifyatua, akasogea mbele, akafyatua tena, mwisho akaubandika mdomo wa bastola kwenye kioo kabisa. Bata akajiendea zake, na mbwa akainuka majanini kutucheka.

Kesho yake nikairudisha. "Bastola yako imekufa," nikamwambia muuzaji. "Kaka, bastola ni nzima," akajibu bila hata kuishika. "TV yako ni ya chogo au bapa?" Nikaona ananizungusha. Bastola na umbo la TV wapi na wapi? Tukarushiana maneno mpaka mama muuza karanga wa pembeni akatuomba tupunguze sauti. Nilimshinda kwa kelele, akanirudishia elfu tano yangu. Miezi kadhaa baadaye ndipo nikajua kwamba mwenye haki alikuwa yeye.

Shemeji yangu naye alikuwa na jibu lake: king'amuzi. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam mwishoni mwa Desemba 2012, na tangu hapo hakuna ubovu wa TV ambao king'amuzi hakijasingiziwa. Ila mashine ya gemu huingia kwenye TV kwa waya wake wa AV, wala haikipitii king'amuzi popote. Tukiache.

Kosa langu lilikuwa la zamani zaidi. Nilikulia Chang'ombe, na mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa tunacheza kwenye kibanda, shilingi hamsini kwa dakika kumi, TV ya chogo juu ya meza na nondo dirishani. Wote pale tuliamini kitu kimoja: bastola inatoa mwale usioonekana, mwale unagonga kioo, TV inahisi umegongwa wapi, kisha inaiambia mashine kama bata kafa. Wakubwa walituonya tusielekezeane bastola usoni, eti mwale utatupofusha. Usiku nilikuwa naielekeza ile bastola ukutani nikisubiri kidoti chekundu. Hakikutokea hata siku moja, nami nikahitimisha kwamba mwale wenyewe ni wa siri sana.

Tulikuwa na ushahidi pia, na ndio uliotupoteza. Mtoto mmoja alileta kipande cha kioo cha kinyozi, akaipa TV mgongo, akailenga taswira ya bata kwenye kile kioo, akafyatua. Bata akaanguka. Kibanda kizima kikapiga kelele: mwale umedunda! Kumbe mwanga haujali unakotoka. Njia ambayo mwale ungeifuata kutoka kwenye bastola kwenda kwenye TV ndiyo hiyohiyo ambayo mwanga wa TV unaifuata kurudi kwenye bastola. Jaribio la kioo haliwezi kutofautisha anayepiga na anayepigwa, nasi tulilihesabu kuwa hukumu.

Kilichopaswa kutuamsha ni waya. Waya wa bastola uliingia kwenye mashine, si kwenye TV. Waya kati ya mashine na TV ulikuwa wa kupeleka picha na sauti tu, upande mmoja. Kama TV ingekuwa inahisi mwale, ingemwambia nani, na kwa njia ipi? TV ya chogo haihisi kitu. Ukiipiga tochi, ukiipiga kofi, yenyewe inaendelea kuonyesha taarifa ya habari.

Nijitetee kidogo: jibu letu halikuwa la kipuuzi, lilikuwa limepitwa na wakati tu. Mwaka 1936 kampuni ya Seeburg ya Chicago ilitoa mashine ya kulenga shabaha iliyoitwa Ray-O-Lite. Bunduki yake kweli ilitoa mwanga, na shabaha, ambayo nayo ilikuwa bata, ilikuwa na kihisi cha kuupokea. Nintendo wenyewe, mwaka 1970, waliuza bastola za kuchezea zilizotoa mwanga kwenye shabaha zenye seli za kunasa mwanga, ndugu wa sola zetu za juu ya bati. Kwa hiyo tulichoamini Chang'ombe kingekuwa sahihi kabisa miongo michache kabla. Mambo yaligeuka pale shabaha ilipohamia kwenye TV. TV ya mtu huwezi kuitoboa ukaitia vihisi, ila yenyewe tayari inatoa mwanga. Basi jicho likahamishiwa kwenye bastola. Mashine ya Magnavox Odyssey ya mwaka 1972, ya kwanza ya gemu za nyumbani, ilikuwa na bunduki ya namna hiyo. Nintendo walitoa Famicom Japani mwaka 1983, gemu ya bata, Duck Hunt, mwaka 1984, na bastola yao ya kijivu iliyoitwa Zapper ikaingia Marekani mwaka 1985. Kwetu zilikuja za kuigiza, zenye kaseti zilizoandikwa gemu 9999 na ukihesabu unakuta saba.

Sasa tuingie ndani ya TV ya chogo. Lile chogo halikuwa pambo. Nyuma kabisa kuna kitu kinachorusha elektroni, chembe ndogo mno za umeme, mbele, na mbele kioo kimepakwa unga unaong'aa ukipigwa nazo. Elektroni hazikipigi kioo chote kwa mpigo. Zinachora mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia, zinarudi, zinachora wa chini yake, hadi mwisho wa kioo.

Chukua shamba la mizabibu, tuseme Hombolo au Mpunguzi. Mtu mmoja ana mpira wa maji. Anaanza mche wa kwanza wa mstari wa kwanza, anatembea akimwagilia hadi mwisho, anarudi mbio kuanza mstari wa pili. Jua la Dodoma unalijua: akiwa mstari wa tano, wa kwanza umeshakauka. Shamba lina mistari mia tatu na kitu, naye analimaliza lote mara 50 kwa sekunde. Ukilitazama ukiwa mbali mlimani, macho yako ni mazito, utaapa kwamba shamba zima limelowa muda wote. Hiyo ndiyo picha ya TV unayoiona wewe.

Ila mpe mtoto kipande cha bomba achungulie sehemu moja tu ya shamba. Yeye ataona maji yakipita, yamekauka, yakipita mstari unaofuata, yamekauka: chap, chap, chap, mistari kadhaa mfululizo, kisha ukavu mrefu mpaka mmwagiliaji azunguke tena. Bastola ndiyo mtoto huyo. Mdomo wake ni bomba, ndani kuna lenzi na kihisi cha mwanga kinachochungulia sehemu ndogo ya kioo. Na ile chap-chap ina mwendo maalumu: mistari takriban 15,600 kwa sekunde. Sakiti ya Zapper imetegwa kwa mwendo huo, kama mtu anayeitambua ngoma ya kwao katikati ya kelele za sokoni.

Ukivuta triga, mashine haiulizi umelenga wapi. Inaita mahudhurio. Kwanza inazima picha yote, kioo kinakuwa cheusi kwa fremu moja, yaani mzunguko mmoja wa kuchora kioo kizima, na mashine inaiuliza bastola: unaona mwanga? Jibu linatakiwa kuwa hapana. Fremu inayofuata, pale bata alipo panachorwa kisanduku cheupe, kingine chote kikibaki cheusi: sasa je, unaona? Ukisema ndiyo, bata amekufa. Wakiwepo bata wawili, kisanduku cha wa kwanza kinachorwa peke yake, kisha cha wa pili kwenye fremu yake, na mashine inajua ni yupi kwa kuangalia jibu limekuja wakati wa jina la nani. Fremu moja ni sehemu 20 za elfu ya sekunde, kwa hiyo mahudhurio yote yanakwisha kabla hujamaliza kupepesa jicho. Tulichokuwa tunakiona ni mmweko tu, nasi tukadhani ni moto wa risasi.

Fremu ile nyeusi ndiyo ninayoipenda zaidi, maana ipo kwa ajili ya wezi. Bunduki ya Odyssey ungeweza kuielekeza kwenye balbu ukapata shabaha zote. Kwa Duck Hunt, ukilenga balbu, utasema "naona" wakati kioo ni cheusi, na mashine itajua unadanganya. Juu ya hapo balbu ya umeme wetu humeta mara 100 kwa sekunde, mbali sana na ile ngoma ya 15,600, na jua halimeti kabisa. Binamu yangu aliapa kwamba kibandani aliua bata kumi kwa kulenga tubulaiti. Haya ninayoyasema ni ya bastola halisi. Za kuigiza zilitofautiana, nyingine zikiwa na sakiti ya kubahatisha, kwa hiyo binamu namwachia robo ya sifa. Fremu nyeusi ilikuwa kwenye kaseti lakini, na hiyo hakuidanganya.

TV bapa inaharibu mambo mawili kwa pamoja. La kwanza: hakuna tena mtu mwenye mpira. TV bapa ni umwagiliaji wa matone, kila mche una tundu lake, shamba limelowa saa zote. Ni kweli nayo hubadilisha picha mstari kwa mstari, lakini kila nukta hushika rangi yake mpaka ije nyingine, na taa ya nyuma inawaka tu. Mtoto mwenye bomba anaona unyevu usioisha, haisikii ile chap-chap, anasema hajaona kitu. Ndiyo maana kubandika mdomo wa bastola kwenye kioo hakukutusaidia, ingawa kwenye chogo ujanja huo ulifanya kazi vizuri mno, kwa kuwa kisanduku kilijaza bomba zima.

La pili ni uchelewaji. Picha inayoingia kwenye TV bapa kwa waya wa zamani hugeuzwa kuwa dijitali, hukuzwa ienee kioo, husafishwa, ndipo ionyeshwe, mara nyingi fremu kadhaa baadaye. Mashine ya gemu haina habari. Imeita jina, imesubiri fremu moja, imefunga daftari. Kisanduku cheupe kinatokea kama mwanafunzi anayeitika "nipo!" akiwa bado getini. Kwa hiyo hata ungepata bastola isiyojali ngoma, ungekwama kwa mwalimu. Wapo watundu waliofumua bastola na kuandika upya gemu yenyewe ili isubiri zaidi, na ikafanya kazi, lakini inabidi ufanye vyote viwili.

Bastola zilizofuata, kama GunCon ya PlayStation ya mwaka 1997, zilikuwa na akili zaidi: zilipima mstari wa elektroni umefika saa ngapi mbele ya lenzi, zikajua umelenga nukta ipi hasa. Nazo kwenye TV bapa ni marehemu, kwa sababu ileile. Aliyejinasua ni Wii, mashine nyingine ya Nintendo, mwaka 2006, kwa kuacha kuitazama picha. Rimoti yake ina kamera inayotafuta vidoti viwili vya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kwenye kifimbo kinachowekwa juu au chini ya TV. Kifimbo chenyewe, ambacho kila mtu hukiita sensa, hakihisi kitu, ni taa tu. Ukikiondoa ukaweka mishumaa miwili, rimoti inafanya kazi. Kwa mji unaokatiwa umeme ungedhani ni habari njema, mpaka ukumbuke TV nayo inataka umeme.

Nilirudi Majengo kumtafuta yule muuzaji. Bastola alikuwa nayo bado, na safari hii alitaka elfu nane. Nikalipa bila kubisha. TV ya chogo niliipata kwa shangazi, ilikuwa stoo imekalia gunia la uwele, ikatuchukua watu wawili kuipakia kwenye bajaji. Ikawaka. Nikamwambia mpwa wangu aweke kiganja mdomoni mwa bastola afyatue: anakosa kila mara. Akakitoa: bata chini. Kisha nikashika pedi, kwa sababu kwenye mchezo wa bata mmoja pedi humwongoza bata apae unakotaka wewe. Mwenye kibanda wa Chang'ombe alikuwa na kawaida ya kucheza akiwa ameificha pedi moja chini ya meza, na mimi nimelijua hilo nikiwa na miaka thelathini na kitu.

Mpwa wangu alichotaka kujua ni kuhusu mbwa. Alimfyatulia karibu, mbali, ulalo, na kila mara anaendelea kucheka. Nilimwonyesha kwa simu, tukirekodi kioo mwendo wa polepole: ukimfyatulia bata, kisanduku cheupe kinatokea pale alipo bata. Mbwa akiinuka, vuta triga unavyotaka. Jina lake halimo kwenye daftari.