Kamisheni ya bima ya afya: nani anailipa, na kwa nini ina ukomo

Masoko ya tumbaku yakifunguliwa, malalamiko ya bima nayo huongezeka, na mengi yanatoka Urambo, Kaliua na Sikonge. Vyama vya msingi vimepata fedha, wanachama wanataka kukatiwa bima ya afya kwa pamoja, na mawakala na madalali wanawafuata hukohuko AMCOS, yaani kwenye vyama hivyo vya ushirika vya wakulima. Ni jambo jema. Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Novemba 2023, watu wanauliza habari za bima kwa dhati. Lakini swali linalorudiwa kwenye karibu kila mkutano ni hili: "Huyu dalali humu ndani anakula nini?"

Anakula kamisheni, na ni halali yake. Wakala anaiwakilisha kampuni ya bima. Dalali anamwakilisha mteja, anamtafutia kampuni inayomfaa. Wote wawili, chini ya Sheria ya Bima ya 2009, wanatakiwa wawe wamesajiliwa na Kamishna wa Bima, na wote hulipwa kutoka kwenye ada ambayo mteja ameshailipa kampuni. Tuchukulie chama kinalipa ada ya shilingi milioni 20 kwa mwaka na kamisheni ni asilimia 10 (nimechukua asilimia hiyo ili kurahisisha hesabu tu). Chama kinalipa milioni 20 kwa kampuni, basi. Kampuni ndiyo inayotoa milioni 2 na kumlipa dalali. Anayewadai wanachama "ya kwake" juu ya hapo, iwe pesa ya fomu, ya picha au ya mafuta ya pikipiki, anawadai kitu kisichokuwepo.

Wapo wanaosema: basi tumruke dalali, twende kampuni wenyewe, tulipe milioni 18. Tumeshalieleza hili mara nyingi na bado linarudi. Ada ya bima ya afya inapangwa kwa idadi ya watu, umri wao, hospitali watakazotibiwa na historia ya matibabu ya kundi. Mkienda wenyewe, kazi ya kuwaandikisha na kuwahudumia itafanywa na mwajiriwa wa kampuni ambaye naye analipwa mshahara. Msitegemee punguzo la namna hiyo.

Sasa, kwa nini serikali iingilie malipo ya watu wawili walioelewana? Kwa sababu dalali ni mshauri wa mteja lakini analipwa na muuzaji. Kampuni moja ikimpa asilimia kubwa na nyingine ndogo, ushauri wake unaweza kuegemea kwenye mkono unaotoa zaidi, na mkulima wa Kaliua hana namna ya kulijua hilo. Ndiyo maana kamisheni huwekewa ukomo kulingana na aina ya bima, na kampuni haipaswi kuuvuka kwa kubadilisha jina la malipo yakaitwa "gharama za masoko" au "motisha".

Marekani wamelihangaikia jambo hili kwa muda mrefu, na yaliyowakuta yanatufaa. Sheria yao ya afya ya 2010 iliilazimisha kampuni ya bima itumie angalau asilimia 80 ya ada kwa matibabu na kuboresha huduma kwa wateja binafsi na makundi madogo, na asilimia 85 kwa makundi makubwa. Ikishindwa, inawarudishia wateja tofauti. Kamisheni ikahesabiwa upande wa gharama za uendeshaji, yaani ndani ya ile asilimia 20 au 15 iliyobaki. Kuanzia 2011 kampuni zikaanza kuibana. Nyingi zikaacha kulipa kwa asilimia, zikahamia kiasi maalumu kwa kila mwanachama kwa mwezi. Kwa ofisi ya uwakala hayo ni mabadiliko makubwa: ada ikipanda, kipato cha wakala hakipandi nayo.

Kwa wazee wa huko walio kwenye Medicare, mpango wa serikali yao wa bima ya afya, wanaonunua bima kupitia kampuni binafsi, serikali inatangaza kiwango cha juu kila mwaka. Kwa mwaka 2025, katika majimbo mengi, kilikuwa dola 626 kwa mwanachama mpya na dola 313 kwa anayehuisha. Palipobaki wazi ni malipo ya pembeni kwa mashirika ya mawakala. Aprili 2024 serikali ilitoa kanuni ya kuyaziba. Julai mwaka huohuo mahakama moja ya shirikisho jimboni Texas ikasimamisha sehemu ya kanuni hiyo. Kwa bima za waajiri, tangu mwisho wa 2021, dalali anayetarajia kupata dola 1,000 au zaidi lazima amweleze mteja kwa maandishi, kabla ya mkataba, atalipwa kiasi gani na nani.

Hilo la maandishi ndilo ningependa kila mwenyekiti wa AMCOS alichukue. Huhitaji kusubiri kanuni mpya: muulize dalali kamisheni yake ni asilimia ngapi, na kampuni nyingine alizozilinganisha zinampa ngapi. Muombe aandike, kisha ambatisha karatasi hiyo kwenye muhtasari wa kikao. Dalali wa kweli hatakasirika.

Lakini ukomo ukibanwa kupita kiasi, unaumiza pia. Kazi ya wakala wa bima ya pikipiki inamalizika siku hiyohiyo anapoiuza. Ya bima ya afya ndiyo kwanza inaanza siku ya kusaini. Mama amefika dirisha la hospitali na mtoto wa wiki mbili. Jina la mtoto halimo kwenye mfumo. Mhudumu anasema alipe taslimu. Anayepigiwa simu saa hiyo ni wakala. Yeye ndiye anayetuma cheti cha kuzaliwa, anayeibana kampuni, anayefuatilia kadi iliyopotea Kasulu wakati ofisi ya kampuni iko Dar es Salaam. Kamisheni ikiwa haitoshi hata vocha na nauli, wakala atarudi mjini kuuza bima za magari, na vijiji vya Uvinza na Kibondo vitabaki na namba ya simu isiyopokelewa. Ninawaomba wanaopanga viwango walipime hili kwa uzito uleule wanaoupima ulaji wa kamisheni.

Sasa makosa, na hapa naomba nisomwe kwa makini. Kamisheni hulipwa kwa aliyesajiliwa tu. Ndugu, rafiki au mtumishi "aliyeleta wateja" bila usajili hastahili. Kamishna ana mamlaka ya kutoza faini, kusimamisha na kufuta usajili, na anayefutiwa anapoteza biashara yote, si mteja mmoja. Katibu wa chama au afisa utumishi anayepokea "ya soda" kutoka kwenye kamisheni ili ipite kampuni fulani ajue kwamba jambo lake linaingia kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, nalo ni la TAKUKURU. Si zawadi, hata kama kila mtu kwenye kamati aliona ni zawadi. Vilevile, ada ya bima ya afya haitozwi VAT. Ukiletewa ankara yenye asilimia 18 juu, isimamishe.

Fedha ilipwe kwenye akaunti ya kampuni ya bima, kamwe isitumwe kwenye simu binafsi ya wakala. Ukijiunga na NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, lipia kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali.

Mwenye lalamiko aanze kwa barua kwa kampuni, akiambatisha nakala ya mkataba, risiti, orodha ya wanachama na jina la wakala pamoja na namba yake ya usajili. Apigiwe mhuri kwenye nakala yake siku anayoipeleka. Wengi hawafanyi hivyo, kisha wanashindwa kuthibitisha kwamba waliwahi kulalamika. Asiporidhika na majibu, au asipojibiwa, apeleke jalada hilohilo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Ubishi wa madai kati ya mteja na kampuni unaweza pia kufikishwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Wanachama wa AMCOS walete barua moja yenye saini za viongozi na muhtasari wa kikao. Barua arobaini za mtu mmojammoja kuhusu mkataba mmoja zinachelewesha majibu ya wote.