Amewahi kukukaba koo? Dhana potofu kuhusu kupima hatari ya ukatili

Ninafanya kazi ya ustawi wa jamii huku Busia, upande wa Uganda, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Huyu bwana anaweza kuua?" Anayeuliza huwa dada wa mke, au mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aliyechoka kuamua ugomvi wa nyumba ileile. Wanadhani tuna jicho la kuona ya kesho. Hatuna. Tuna maswali, na yakiulizwa mapema yanaokoa watu.

Dhana: Daktari mzoefu akimtazama mtu tu, anajua kama ni hatari

Uzoefu peke yake umewahi kudanganya vibaya. Mwaka 1966, baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Baxstrom, wagonjwa 967 waliokuwa wamefungiwa kwenye hospitali za wahalifu huko New York, wakihesabiwa kuwa hatari mno, walihamishiwa hospitali za kawaida. Miaka minne baadaye ni wachache tu waliokuwa wamerudishwa kule. Waliobaki walikuwa wameibiwa miaka yao kwa hisia za wataalamu.

Ndiyo maana leo hutumika miongozo. Mmoja unaojulikana sana ni HCR-20, ulioandaliwa Canada na kutoka mara ya kwanza mwaka 1995. Una vipengele 20: 10 vya historia ya mtu, 5 vya hali yake ya sasa, na 5 vya mazingira anayokwenda kuishi. Mtaalamu hajumlishi alama kama mwalimu anayesahihisha mtihani. Anaeleza kila kipengele kinavyomgusa mtu huyu, kisha anasema nani yuko hatarini, katika hali gani, na nini kifanywe. Hali ikibadilika, kwa mfano mtu akipoteza kazi au akirudia pombe, anapima upya.

Dhana: Wa kuogopwa ni mwenye ugonjwa wa akili

Utafiti wa MacArthur, uliochapishwa Marekani mwaka 1998, ulifuatilia wagonjwa waliotoka hospitali za akili. Wasiokuwa na tatizo la pombe wala dawa za kulevya hawakuwa wakali kuliko majirani zao. Jambo hili linaniuma. Nimeona kijana amefungwa kamba kwenye mwembe asije akadhuru mtu, na nyumba ya pili yake mwanamume analewa waragi na kumpiga mkewe kila wiki, na hakuna anayemgusa.

Dhana: Hana jeraha, basi si kitu

Hapa ndipo tunapopoteza watu. Muuguzi wa Marekani, Jacquelyn Campbell, alitengeneza katika miaka ya 1980 kipimo cha hatari ya mwanamke kuuawa na mwenzi wake, na kinaanza na kalenda. Mama anapewa kalenda ya mwaka uliopita aweke alama siku alizopigwa.

Niliwahi kukaa na mama mmoja aliyeniambia, "Dada, ni mara mbili tatu hivi." Nikampa kalamu. Akaanza na Krismasi. Kisha siku ya mazishi ya mkwe wake, siku mtoto alipofukuzwa shule kwa ada, wiki ya kuvuna mahindi. Alipofika mwezi wa tano aliacha kuandika, akaitazama karatasi kama barua ya mtu mwingine. Tangu siku ile simwulizi mtu "ni mara ngapi" bila kalenda mezani.

Baada ya kalenda yanakuja maswali. Amewahi kukukaba koo? Ana silaha? Ametishia kukuua? Anakufuatafuata? Vipigo vimeongezeka? La koo ndilo zito. Utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake ana uwezekano zaidi ya mara 7 wa kuuawa naye baadaye. Na mara nyingi shingo haina alama yoyote. Sikiliza sauti iliyokwaruza, uliza kama anameza kwa shida, kama alizimia au alijikojolea. Mtu wa hivyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Dhana: Mke akiondoka kwa mumewe, yamekwisha

Kwa mwanamume aliyezoea kumtawala mkewe, kuondoka kwake ndiko kunakomwasha. Majuma na miezi ya kwanza ni ya hatari kubwa. Simaanishi abaki. Namaanisha aondoke kwa mpango: vitambulisho na nguo za watoto ziwe kwa mtu anayeaminika, na aliko pajulikane na wachache. Wazazi wanaomrudisha kwa sababu ya mahari waulizwe kwanza maswali yaleyale ya kalenda.

Dhana: Haya ni mambo ya Butabika, hospitali kuu ya akili kule Kampala, sisi wa kijijini hayatuhusu

Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010 imelikabidhi baraza la LC kazi hii. Mtuhumiwa akiwa amerudia kosa, au baraza likiona anaelekea kudhuru tena, linatakiwa kuipeleka kesi kwa maandishi kwa polisi na kwa hakimu, ambaye anaweza kutoa amri ya ulinzi. Baraza litaonaje kama halikuuliza? Mwenyekiti mmoja ninayemfahamu sasa humwomba mume atoke nje kwanza, kisha anaanza na swali la koo.