Dinoflajelata ni nini?

Dinoflajelata ni viumbe wa seli moja waishio majini, wengi wao baharini. Kwa mazoea huhesabiwa miongoni mwa mwani, ingawa hesabu hiyo ina walakini: karibu nusu ya spishi zinazojulikana hazijitengenezei chakula kwa mwanga wa jua, bali huwinda. Nyingine hazichagui, jua lipo hujilisha zenyewe, na hapohapo humeza majirani.

Seli moja ikitazamwa kwa hadubini huonekana ina mifereji miwili, mmoja umezunguka kiuno, mwingine unashuka kuelekea mkiani. Kila mfereji una mjeledi wake, yaani uzi mwembamba wa kuogelea. Wa kiunoni huizungusha seli, wa nyuma huisukuma, kwa hiyo huogelea huku ikizunguka kama pia. Spishi nyingi zimejifunika vibamba vya selulosi. Kiini nacho si cha kawaida: kromosomu zake hukaa zimekazwa muda wote, na DNA iliyomo yaweza kuzidi ya binadamu mara kadhaa.

Baadhi, kama Noctiluca scintillans, humweka kwa rangi ya buluu maji yakitikiswa usiku. Inadhaniwa kwamba mmweko huo humfichua mlaji mdogo mbele ya samaki anayemwinda.

Kazi yao kubwa zaidi, kwa maoni yangu, imefichika ndani ya matumbawe. Dinoflajelata wa familia ya Symbiodiniaceae huishi ndani ya seli za matumbawe na kuwapa sehemu kubwa ya nishati, pengine hadi asilimia 90. Bahari ikizidi joto la kawaida la kiangazi kwa nyuzi 1 tu, wiki kadhaa mfululizo, ushirika huvunjika na matumbawe hupauka. Hayajafa bado, ila yana njaa.

Upande mwingine kuna sumu. Dinoflajelata wa jenasi ya Alexandrium hutengeneza sumu iitwayo saksitoksini, ambayo hukusanyika ndani ya kome wanaochuja maji, na kuwapika hakuiondoi. Mwaka 1793, katika msafara wa nahodha Mwingereza George Vancouver kwenye pwani ambayo leo ni ya Kanada, baharia mmoja alikufa baada ya kula kome wa namna hiyo. Wengi hungoja maji yawe mekundu kwa wingi wa dinoflajelata ndipo waogope. Lakini maji mekundu si lazima yawe na sumu, na maji safi kwa macho yaweza kuwa nayo, ndiyo maana kinachopimwa maabara ni nyama ya kome wenyewe.