Si simu peke yake inayomkalisha kijana

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu mwaka nenda mwaka rudi: kijana anayeshinda amekaa ni mvivu, chanzo ni simu, mnyang'anye na tatizo limekwisha.

Simu inachangia kweli, hasa ikilala naye chumbani. Lakini chukua kalamu uhesabu siku moja tu ya shule: muda wa darasani, wa kwenye gari, wa kula, wa kazi za shule jioni. Mara nyingi saa za kwenye kiti zimeshakuwa nyingi kabla hajagusa skrini, na hizo hakuzichagua yeye. Ongeza mtaa usio na uwanja, barabara inayotisha kuvuka, wazazi ambao nao hawabanduki kwenye kochi, na wasichana wanaoambiwa wameshakua, waache kukimbiakimbia.

Simu tunaiona mkononi. Dawati tumelizoea, hatulioni. Halafu watu huchanganya kukaa na kukosa mazoezi. Kijana anaweza kucheza mpira dakika 60, kiwango kinachoshauriwa kwa siku kwa wenye miaka 5 hadi 17, kisha akakaa karibu siku yote iliyobaki. Usingizi, kwa taarifa tu, hauhesabiwi kwenye saa za kukaa. Kijana anayelala saa 8 hadi 10 usiku si mvivu, ndivyo mwili wake unavyohitaji.

Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Muulize kwanza wa kwenu leo amekaa wapi, na kwa muda gani.