Mzoga Wenye Shingo Ndefu Si wa Joka la Bahari

Dhana iliyoenea kuliko zote: ukiopolewa mwili wenye shingo ndefu, kichwa kidogo na mapezi manne, basi huyo ni mjusi wa kale wa baharini aliyesalia.

Ukweli ni kwamba papa akioza hugeuka umbo. Tarehe 25 Aprili 1977, meli ya uvuvi ya Kijapani, Zuiyo-maru, ilinasa mzoga wa namna hiyo mashariki ya Christchurch, New Zealand, kwenye kina cha mita 300 hivi. Urefu wake ulikuwa mita 10, uzito kama kilo 1,800, na uvundo wake ulitishia kuharibu samaki waliokwisha kuvuliwa, hivyo ukatupwa. Bahati nzuri Michihiko Yano, aliyekuwamo melini, alikuwa ameupiga picha na kukata nyuzi ngumu za pezi. Zilipopimwa, protini yake ilikaribiana mno na ya papa mkubwa wa bahari zenye baridi, yule anayekula kwa kuchuja maji.

Taya na matamvua ya papa huyo yameshikizwa kidogo tu, kwa hiyo hudondoka kwanza. Linabaki fuvu dogo la gegedu mbele ya uti wa mgongo. Hiyo ndiyo "shingo". Sehemu ya chini ya mkia haina uti ndani yake, nayo hunyofoka. Mapezi yakichanika, nyuzi huning'inia kama singa za farasi, na ndivyo watu wa kisiwa cha Stronsay, Uskoti, walivyoziona kwenye mzoga mwaka 1808.

Dhana: nyama isiyo na mfupa ni ya pweza jitu. Bonge la tani 13 lililotupwa ufukweni Chile mwaka 2003 lilidhaniwa hivyo. Vipimo vya DNA vikaonyesha ni mafuta ya nyangumi.

Dhana: mabaki ya Yeti, yule mtu-nyani wa hadithi za milimani, yamehifadhiwa Himalaya. Sampuli 9 zilipimwa, matokeo yakatoka 2017: 8 za dubu, 1 ya mbwa.

Kwetu pwani, nguva ni mnyama na pia ni yule mwanamke-samaki wa hadithi. Si ajabu: ngozi ikitoka kwenye pezi la nguva, mifupa ya vidole vitano hujitokeza, kama kiganja cha mtu kabisa. Ukikikuta kiganja hicho ufukweni, usikifukie. Mwite ofisa uvuvi, maana nguva waliobaki Rufiji na Mafia ni wachache mno.